Anayefika Kalima aone zaidi ya mawe

Safari ya kutoka Kindu kwenda Kalima inaanza kwa maji. Abiria anashuka ukingoni, anavuka mto Lualaba kwa kivuko au kwa mtumbwi wa mota, anatokea ng'ambo ya Alunguli, na hapo ndipo anapatana bei na dereva wa pikipiki. Mbele yake kuna karibu kilomita 100 za barabara ya udongo inayopita msituni na katika vijiji vilivyojipanga pande mbili za njia. Mvua ikinyesha, dereva na abiria wote wanashuka kusukuma.

Wanaovumilia njia hiyo wana sababu zao. Mnunuzi wa kasiteriti anafuata mawe. Mtumishi wa serikali amebeba karatasi za ukaguzi. Mfanyakazi wa shirika la misaada ana orodha ya watu wa kuandikisha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu anarudi kwao kwa likizo. Wakirudi Kindu wanaulizwa habari za Kalima, na majibu yao yanafanana: barabara ni mbaya, mawe yamepanda bei, mawe yameshuka bei. Ni mara chache mtu kurudi na habari ya mama aliyemkuta akisuka kitunga, au ya mzee aliyemweleza kwa nini kofia anayovaa si ya kila mtu.

Hilo ni kosa, na hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kalima iko katika wilaya ya Pangi, ndani ya nchi ya Warega, watu ambao sanaa yao inatafutwa na majumba ya makumbusho ya dunia nzima. Kazi za mikono ya mababu zao ziko Tervuren karibu na Brussels, ziko Paris, New York na Los Angeles. Watu wanakata tiketi, wanasimama mbele ya kioo, wanashangaa. Lakini Mkongomani aliyezaliwa Kindu, Bukavu au Kisangani anaweza kupita Kalima mara kumi bila mtu kumwambia kwamba vitu hivyo vilitoka katika nchi hii anayoikanyaga.

Jambo linalotakiwa si gumu kulieleza. Anayesafiri Maniema ajifunze kukaa na watu wanaotengeneza vitu na kuwasikiliza. Na wenyeji wa Kalima wajiandae kumpokea mgeni wa namna hiyo kwa masharti yao wenyewe, kabla kile kilichobaki hakijaondoka kama vilivyoondoka vingine.

Mji uliofundishwa kujiona kama shimo

Kalima haikuwa mji kwa bahati. Mwaka 1932, wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, iliundwa kampuni ya Symétain ili kuchimba bati la Maniema, na Kalima ikawa kituo chake kikubwa. Zikajengwa kambi za wafanyakazi, hospitali, shule na nyumba za mainjinia. Maji ya mto Lutshurukuru yakatumiwa kutoa umeme wa migodi. Mwaka 1976 Symétain na kampuni nyingine za mashariki ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ikaporomoka duniani, na kampuni haikusimama tena sawasawa. Mwaka 1997 ikaja SAKIMA kurithi machimbo. Leo sehemu kubwa ya kazi inafanywa na wachimbaji wa kienyeji kwa sululu, koleo na beseni.

Katika historia hiyo yote, mgeni alifika Kalima kuchukua kitu kilicho chini ya ardhi. Mkaaji wa hapo alihesabiwa kama mkono wa kuchimba au mgongo wa kubeba. Alichokijua, alichokitengeneza jioni nyumbani, alichomfundisha mtoto wake, havikuandikwa katika daftari la kampuni. Mtazamo huo haukuondoka pamoja na Wabelgiji. Umebaki kwa wageni, na polepole umeingia hata kwa wenyeji wenyewe. Kijana anajua bei ya kilo moja ya kasiteriti ya asubuhi hii. Ukimuuliza kiti cha babu yake kinaitwaje na kilikuwa na maana gani, anacheka, anasema hayo ni mambo ya wazee.

Wazee hawaishi milele. Hapo ndipo penye hatari.

Vitu vinavyohitaji mtu wa kuvisemea

Warega, au Balega kama wanavyojiita, hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Heshima na uongozi vilipitia katika Bwami, chama cha watu waliofundishwa hatua kwa hatua, wanaume na wanawake. Daraja la juu kabisa la wanaume ni kindi. Na mwanamume hakuweza kupanda mpaka huko peke yake: mke wake naye alipaswa kuingizwa katika daraja linalolingana na lake. Watu waliokuwa wakisema kwamba Waafrika wa msituni hawakumheshimu mwanamke wangefanya vizuri kufikiri juu ya sharti hilo.

Mafundisho ya Bwami yalikwenda pamoja na ngoma, nyimbo, methali na vitu. Vitu hivyo ndivyo dunia inaviita leo sanaa ya Kirega: sanamu ndogo za mbao, mfupa na pembe, vijiko, viti, kofia zenye simbi na vifungo, na vinyago vidogo. Kinyago cha mbao chenye ndevu za nyuzi, lukwakongo, kiliambatana na daraja la yananio. Kile cha pembe au mfupa, lukungu, kilikuwa cha kindi. Vingi havikufanywa vya kuvaliwa usoni. Vilishikwa mkononi, vilifungwa katika mkono, vilitundikwa kwenye uzio, vilipangwa chini. Pembe zilipakwa mafuta na kusuguliwa kama ngozi ya mtu, na ndiyo sababu zina ule mng'ao ambao wanunuzi wa Ulaya wanaupenda.

Lakini mng'ao si kitu chenyewe. Kila sanamu ilitembea na maneno yake. Kuna sanamu yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, inayosemwa kuwa ni mtu aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Mwalimu wa Bwami aliitumia kumfundisha mwanafunzi kwamba mwenye hekima anaangalia jambo kutoka pande zote kabla ya kukata shauri. Sanamu ileile, mbele ya watu wengine na katika siku nyingine, inaweza kubeba somo lingine. Ukiitenga na maneno yake, inabaki kipande cha mti chenye vichwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa mutanga, kamba ambayo Warega wanatundika vitu vidogo vidogo: jani, ganda, unyoya, kipande cha chombo. Kila kitu kinasimama badala ya methali, na anayejua anakigusa na kusema. Mmisionari Georges Defour alikusanya methali hizo na kuzichapisha Bukavu. Ni kazi kubwa, lakini kitabu hakimjibu mtu anayeuliza swali la pili. Mzee anajibu.

Katika Kirega, neno busoga linataja uzuri na wema pamoja. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana, kwa sababu naye anasema mtoto mzuri akimaanisha sura, na mtu mzuri akimaanisha moyo. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Kibelgiji aliyefanya utafiti kati ya Warega miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya utamaduni wao mwaka 1973, alionyesha jambo hilo wazi: kwa Bwami kitu hakikuwa kizuri kwa kuwa kinapendeza macho tu. Kilikuwa kizuri kwa kuwa kinamfanya mtu awe mwema.

Jinsi vilivyoondoka

Wakoloni hawakupenda chama wasichokiamrisha. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku, ikiiona kuwa hatari kwa utawala. Bwami haikufa, lakini ilijificha, na kitu kinachofichwa ni rahisi kuibwa au kuuzwa kimya kimya. Vitu ambavyo zamani vilirithiwa, kutoka mkononi mwa mkubwa kwenda kwa mdogo aliyestahili, vikaanza kwenda kwa wanunuzi. Vikavuka mto, vikavuka bahari. Leo kipande kidogo cha pembe kilichotoka Maniema kinaweza kuuzwa katika maduka ya sanaa ya mtaa wa Sablon, Brussels, kwa bei ambayo mchimbaji wa Kalima hawezi kuipata kwa miaka.

Sasa kuna mazungumzo ya kurudisha. Mwezi wa sita mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na kinyago cha Wasuku, akakikabidhi kwa jumba la makumbusho la taifa kama mkopo usio na mwisho. Mwezi uliofuata Ubelgiji ikapitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Kinshasa ina jumba jipya tangu 2019, lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini.

Hayo ni mazuri. Lakini mtu wa Kalima ana haki ya kuuliza: vikirudi, vitarudi wapi? Kutoka Tervuren mpaka Kinshasa ni safari moja. Kutoka Kinshasa mpaka Pangi ni nyingine, na mtoto wa Pangi hana pesa za ndege ya kwenda kuangalia kiti cha babu yake katika mji mkuu. Na hata vikirudi Pangi, kama wanaojua maneno yake wamekwisha kufa, nani atavisemea? Ndiyo maana kazi ya kwanza haiko Brussels. Iko hapa, kwa watu walio hai.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Waswahili wana msemo wa zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi wanaufikiria kama maneno ya kukaribisha tu. Lakini unasema jambo la kweli kuhusu uchumi wa nyumba: mgeni akija vizuri, mwenyeji naye anapata nafuu. Swali kwa Kalima ni mgeni wa namna gani, na nafuu gani.

Mgeni anayetakiwa si lazima atoke mbali. Watu wakisikia neno utalii wanafikiria Wazungu wenye kamera, hoteli na ndege. Kalima haina haja ya kuwangoja hao. Wasafiri tayari wapo: wale wale wa pikipiki, wenye siku mbili tatu za kungoja mzigo, saini au mvua ikatike. Kungoja huko mara nyingi kunakwisha kwenye chupa za bia. Saa mbili kati ya hizo zingetosha kwa kitu kingine.

Zingetosha kuanza na soko asubuhi, ambako mchele wa Maniema, mawese, ndizi na sombe vinashuka kutoka vichwani na migongoni mwa wamama. Mwenye macho ataangalia kilichobeba bidhaa kabla ya bidhaa yenyewe: vitunga, lungo za kupepetea mpunga, mikeka iliyokunjwa, mitego ya samaki. Hakuna kilichotoka kiwandani. Kila kitunga kimetoka mikononi mwa mtu anayejua kitambaa cha msitu kinakatwa lini ili kisivunjike, kinakaushwa siku ngapi, mwanzo wa chini unafungwaje. Akiuliza kwa adabu, mama mmoja atamwelekeza kwa mwingine, na kabla ya mchana atakuwa ameketi uani kwa mtu akiangalia kazi.

Hapo kuna taratibu, na mgeni mwenye akili anazishika bila kulazimishwa. Anasalimu kwanza, anajitambulisha katoka wapi na ni mtoto wa nani. Anapita kwa kiongozi wa kijiji au wa kartie ili asionekane kama mpelelezi. Katika nchi iliyoona vita kiasi hiki, hofu ya watu ina sababu. Hatoi simu kupiga picha kabla ya kuomba. Akiletewa chakula, anakula. Na muda wa mtu ni kazi: mama aliyeacha shamba lake asubuhi nzima ili amwonyeshe kusuka anastahili kulipwa asubuhi hiyo, hata kama mgeni hakununua kitu. Kumwachia asante peke yake ni kumfanyia kama kampuni ilivyomfanyia babu yake.

Akinunua, anunue kitu kipya. Kitunga kipya, kijiko kipya, kiti kilichochongwa mwaka huu na kijana anayejulikana jina. Vitu vya zamani, vile vyenye mafuta ya mikono ya wafu, aviache vilipo, hata kama mwenye shida anamletea usiku vikiwa vimefungwa katika kitambaa. Pembe asiguse kabisa. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imekatazwa tangu 1990, na Congo ina sheria ya mwaka 1971 inayolinda mali za utamaduni. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, jambo lingebaki lile lile: anayenunua kitu cha Bwami kutoka kwa mtoto mwenye njaa ananunua urithi wa watu ambao hawakuulizwa.

Wanaopinga wana hoja

Si kila mtu ataridhika na mawazo haya, na pingamizi zao zinastahili jibu.

Wa kwanza watasema: barabara mbovu, usalama mdogo, vita vya Kivu viko jirani, na mtu anazungumzia vitunga? Ni kweli kwamba amani na barabara vinatangulia, na hakuna kitunga kinachojenga daraja. Lakini kama mambo ya utamaduni yatangoja mpaka nchi itulie kabisa, hesabu ya miaka tangu 1996 inaonyesha yatangoja mpaka lini. Wakati huo wazee wanazikwa. Kusikiliza mzee hakuhitaji lami.

Wa pili ni wazee wenyewe, au baadhi yao. Wanasema Bwami si maonyesho. Kuna mambo ambayo asiyefundishwa hapaswi kuyaona, na mtu anayelipa franka chache hapati haki ya kuyajua. Wana haki kabisa. Lakini ndani ya Bwami yenyewe kulikuwa na ya hadhara na ya ndani. Kulikuwa na ngoma ambazo kijiji chote kilizitazama na maneno yaliyobaki nyumbani kwa wahusika. Mpaka upo tayari. Kinachotakiwa ni wenye Bwami wauchore wao, waseme hiki mgeni ataona, hiki hataona, na mgeni akubali. Anayekataa mpaka huo hajafaa kuwa mgeni.

Wa tatu ni waamini wanaoogopa kwamba vitu vya mababu ni ushetani. Jambo hilo kila mmoja ataliamua kwa dhamiri yake, na hakuna anayelazimishwa kuinama mbele ya sanamu. Ila isisahaulike kwamba waliokusanya methali za Warega ni pamoja na mapadri, na kwamba mjini Bukavu Wamisionari Waxaveri wamefungua jumba la makumbusho linaloonyesha vitu vya watu wa Kivu, Warega wakiwemo. Kama padri anaweza kukitunza kiti cha mzee bila kupoteza imani yake, mwalimu wa katekisimu wa Kalima naye anaweza kukieleza kwa watoto. Tena somo la Bwami kuhusu mtu mwenye choyo, mzinzi au mgomvi halipingani na mahubiri ya Jumapili.

Wa nne ndio wenye hoja nzito zaidi. Wanasema pesa zikiingia, sanaa inaharibika. Wachongaji wataanza kutengeneza vinyago vya uongo, wavipake tope na moshi vionekane vya miaka mia, wamuuzie mgeni mjinga. Hilo limetokea katika masoko mengi ya Afrika, na litatokea Kalima pia kama kila mtu ataachwa auze peke yake barabarani.

Dawa yake inajulikana. Huko Changamwe, Mombasa, wachongaji Wakamba waliunda ushirika wao mwaka 1963. Wanachonga pamoja, wanauza pamoja, na mnunuzi anajua kwamba anachonunua ni kipya na kimetoka kwa wanachama. Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa miaka ya 1960 kikiwa na nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kama zinavyojengwa kwao, na watoto wa shule wanapelekwa kuona. Si lazima Kalima iige yote. Inatosha kuchukua kanuni moja: kitu kipya kiitwe kipya, kiuzwe na jina la aliyekifanya, na bei ijulikane mbele ya wote. Mchongaji anayejivunia jina lake hana haja ya kupaka tope.

Nyumba moja, si kasri

Kinachoweza kuanzishwa Kalima si jumba la vioo. Ni nyumba moja imara yenye paa lisilovuja, karibu na soko, ambamo mambo matatu yanafanyika. Wamama na wachongaji wanauza kazi zao mpya. Siku fulani ya juma mzee anaketi, kamba ya mutanga imetundikwa, na anayetaka kusikia anasikia, mgeni au mwanafunzi wa hapo hapo. Na kuna sanduku la rekodi: sauti za wazee zilizonaswa kwa simu na vijana wenyewe, kwa Kirega na kwa Kiswahili, zikiandikwa nani alisema, wapi na lini.

Pesa zitatoka wapi? Swali hilo linaulizwa kila mara, na Maniema ina jibu ambalo majimbo yasiyo na madini hayana. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani ushuru unaolipwa juu ya madini yanayouzwa: asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa sekta, uchifu au mji ambako madini yanachimbwa. Tena inadai kampuni zenye hati za uchimbaji zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Wakaaji wanaweza kuuliza kama sehemu ya pesa hizo inaweza kwenda pia kwenye kitu kama hiki, baada ya maji, shule na zahanati. Jamii za raia za Pangi zingeuliza kwanza zinafika ngapi na zinakwenda wapi. Kipande kidogo tu kingejenga nyumba hiyo. Mawe yametoka Kalima kwa zaidi ya miaka 90. Si ajabu kuyadai yalipie angalau paa moja la kumbukumbu.

Serikali ya jimbo, kwa upande wake, isianze na semina Kindu. Ianze kwa kukutana na wenye Bwami na wamama wasusi, iwaulize wanataka nini na hawataki nini, iyaandike na kuyafuata. Walimu wa shule za Kalima hawahitaji kungoja hata hilo. Mwalimu mmoja akimwalika bibi wa mwanafunzi mmoja, kila mwezi, aje darasani na lungo lake, itakuwa imeanza.

Na msafiri naye ana sehemu yake, ambayo haihitaji amri ya gavana. Safari ijayo, akishuka kwenye pikipiki akiwa amejaa vumbi, asikimbilie kuuliza tu bei ya leo ya kasiteriti. Aulize nani hapa anasuka, nani anachonga, na mzee gani anapenda kuzungumza jioni. Atashangaa jinsi watu wanavyofurahi kuulizwa swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuwauliza. Atarudi Kindu na kitunga kipya kimefungwa nyuma ya pikipiki, jina la aliyekisuka analijua, na ndani ya mtumbwi wa kuvuka Lualaba mtu atamwuliza amekinunua wapi na kwa nani. Hapo atakuwa na habari ya Kalima ya kumpa.